Kikundi: Magurudumu ya Jumapili 🚲

IJUMAA

Katibu, 19:02: Jamani, kesho kutwa ndiyo Jumapili. Kilomita 62, na 14 za mwisho ni changarawe. Tunaondoka saa 12 kamili asubuhi, siyo na robo. Kila mtu aandike hapa: upana wa tairi kwa milimita, hali ya breki, tyubu ngapi za akiba. Leo.

Katibu, 19:41: Tiki za buluu naziona 11. Majibu sifuri.

Kipara, 20:05: Nipo. Tairi 25, breki zipo, tyubu 1

Katibu, 20:06: "Zipo" siyo jibu. Zimebaki kiasi gani?

Kipara, 20:07: Kiasi cha kusimama

Mama Pacha, 20:07: Kwa breki au kwa soli za viatu? 😂

Katibu, 20:09: Mama Pacha usianze. Kipara, za rimu au za diski? Za rimu, angalia mifereji ya kwenye raba. Ikifutika, raba imekwisha. Za diski, chomoa pedi uangalie unene uliobaki juu ya kile kibamba cha chuma. Chini ya milimita 1, weka mpya.

Kipara, 20:15: Za rimu. Mifereji naiona nikimulika tochi

Fundi, 20:31: Mfereji wa kutafutwa kwa tochi haupo. Badilisha. Na ukifunga mpya usikaze tu ukaondoka. Raba iguse rimu yenyewe. Ikipanda juu inakwangua ubavu wa tairi mpaka ipasuke, ikishuka chini inakimbilia kwenye spoku. Ncha ya mbele iguse kwanza, ya nyuma ibaki wazi kama milimita 1, la sivyo itapiga kelele kijiji kizima kijue unafunga breki.

Fundi, 20:32: Chomoa pia vipande vya chuma vilivyonasa kwenye raba ya zamani, uone ilivyokuwa inakula rimu. Halafu pitisha kucha kwenye rimu. Ukikuta imebonyea katikati kama sahani, tatizo siyo raba tena.

Kipara, 20:40: Sawa fundi. Upepo nimejaza psi 110, hapo niko salama

Fundi, 20:44: Hapo hauko salama. Tairi 25 na psi 110 kwenye changarawe ni kuendesha jiwe juu ya mawe. Gurudumu linarukaruka, na likiwa hewani halishiki kitu. Mtu wa kilo 70 hivi kwenye lami, 25 inamtosha 80 nyuma na 75 mbele. Nyuma daima zaidi kidogo, ndiko uzito ulikokaa. Tairi 32: nyuma 55, mbele 50. Tairi 40: nyuma 38, mbele 34. Mzito aongeze, mwepesi apunguze, na msizidishe kile kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na cha rimu kama kipo.

Mama Pacha, 20:46: Mzito anajijua 🙈

Kipara, 20:46: Naona nimetajwa bila jina

Katibu, 20:47: Tafadhali!! Tuko kwenye upepo.

Fundi, 20:50: Na msipunguze kupita kiasi mkidhani mnajipa starehe. Ukipiga ukingo wa shimo upepo ukiwa mdogo, tyubu inabanwa kati ya rimu na shimo. Unakuta matundu mawili yanayoangaliana, kama nyoka kauma. Hiyo siyo mwiba, usimalize saa nzima ukitafuta mwiba.

Mkia, 21:12: Mimi swali langu siyo upepo. Safari hii kule mteremkoni watu watasubiriana au ni kama ile siku?

Katibu, 21:14: Mkia, lile tulishalimaliza.

Mkia, 21:15: Nyinyi mlilimaliza. Mimi nilikuwa bado njiani

Mama Pacha, 21:15: 😂😂😂

Mkia, 21:16: Sicheki. Na pampu ya kikundi nani anayo?

Katibu, 21:30: Turudi kwenye ratiba. Waliojibu: Kipara. Nusu ya Kipara, maana breki bado. Wengine?

JUMAMOSI

Bi Mdogo, 06:20: Samahani nimechelewa kusoma. Tairi 32, tyubu 2, breki diski ziko vizuri. Ila cheni mpya inaruka! Nimefunga juzi tu. Nikikanyaga kwa nguvu kwenye gia ndogo za nyuma inapiga "tak" na pedali inaniponyoka

Fundi, 07:02: Inaruka gia zote au zile unazozipenda?

Bi Mdogo, 07:05: Mbili tu. Ya tatu na ya nne kutoka ile ndogo kabisa

Fundi, 07:11: Cheni haina kosa basi. Hizo sproketi mbili zimelika kwa cheni ya zamani iliyokaa muda mrefu. Cheni ikichakaa, pini na vijibomba vyake vinalika na umbali kati ya pini unaongezeka. Sproketi nayo inalika kuifuata. Ukileta cheni mpya yenye umbali sahihi, haikai kwenye meno yaliyokwisha kupanuka, inapanda juu yake. Ndiyo hiyo "tak".

Fundi, 07:14: Mkitaka kujua kabla hamjaharibu: chukua rula ya inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu inchi 12. Cheni mpya, pini inaangukia kwenye 12 kabisa. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, hiyo ni nusu asilimia, na kwa baiskeli za gia 11 au 12 nyuma badilisha cheni sasa hivi, kaseti (lile rundo la sproketi za nyuma) bado inaokolewa. Ikipita kwa 1/8 ni asilimia 1 nzima, jiandae kubadilisha vyote viwili.

Kipara, 07:16: Fundi rula ya inchi nani anayo siku hizi

Fundi, 07:16: Anayetaka kaseti yake iishi.

Bi Mdogo, 07:20: Kwa kesho nifanyeje? Kaseti mpya siipati leo

Fundi, 07:23: Kama ya zamani hujaitupa, irudishe kwa kesho tu. Zimezoeana. Ila kile kiungo cha kufungia kiwe cha cheni hiyo hiyo: cha gia 10 hakikai kwenye cheni ya 11. Au nenda na mpya, kwenye kupanda ukae gia kubwa za nyuma ambazo hujazitumia sana. Usisimame kwenye pedali ukiwa kwenye zile mbili. Ikiruka ukiwa umesimama unashukia kwenye fremu.

Mama Pacha, 07:25: Wanaume wote wa kikundi wameikunja miguu hapo

Katibu, 07:26: 🙄

Fundi, 07:30: Wengine msichanganye. Inaruka gia moja au mbili ukikanyaga kwa nguvu: imelika. Inasitasita gia zote: waya wa gia. Zungusha kile kitufe cha kwenye waya, pale unapoingia mkono wa gia wa nyuma, robo mzunguko kinyume cha saa kama inachelewa kupanda kwenye gia kubwa, robo kwa saa kama inachelewa kushuka. Robo, jaribu, robo tena. Inaruka kila baada ya mizunguko michache hata ukienda taratibu: kuna kiungo kimoja kigumu, zungusha pedali kinyume polepole utakiona kinanyanyuka. Na kama baiskeli ilianguka upande wa kulia, msiguse skrubu yoyote kabla ya kutazama kwa nyuma kama mkono umepinda. Ukilazimisha gia ya chini kabisa umepinda, unaingia kwenye spoku. Safari imekwisha.

Kipara, 07:33: Hii ndiyo sababu mimi nina gia chache. Hazina wa kuzilaumu

Katibu, 08:10: Asante Fundi. Sasa maji. Kila mtu chupa 2. Hesabu nusu lita mpaka robo tatu ya lita kwa saa, kunywa kidogo kidogo kila dakika 10 au 15, usingoje kiu. Safari ikipita saa 2, maji matupu hayatoshi, weka chumvi kidogo na sukari. Na kila mtu abebe cha kula. Betri ikikata kwenye kilomita ya 50 hakuna wa kukubeba.

Mama Pacha, 08:12: Mkia atabebwa

Mkia, 08:40: Mama Pacha pampu iko kwako?

Mama Pacha, 08:41: Mbona mimi

Mkia, 08:41: Nauliza tu.

Mama Pacha, 08:55: Haya, niseme la maana, msije mkasema nachekesha tu. Pancha. Unapofunga tairi, weka maandishi ya tairi mkabala na valvu, kila mara. Ukipata pancha, toa tyubu, ijaze, tafuta tundu, halafu ipime juu ya tairi kuanzia kwenye valvu. Unajua papo hapo tairi imechomwa wapi. Pitisha vidole ndani ya tairi polepole, mwiba uko pale pale. Wengi wanabadilisha tyubu wanaacha mwiba, wanapata pancha ya pili mita 200 mbele halafu wanalaumu tyubu.

Mama Pacha, 08:58: Tundu likiwa upande wa ndani, wa rimu, siyo mwiba. Ni utepe wa rimu umesogea, tundu la spoku linachana tyubu. Na kiraka: piga msasa, paka gundi nyembamba, NGOJA ikauke, dakika 5. Ukibandika ikiwa mbichi kinatoka kama stempu.

Katibu, 09:00: Sawasawa kabisa. Kwa hiyo pampu?

Mama Pacha, 09:20: Nina vichupa vya gesi viwili, vya gramu 16

Fundi, 09:24: Kichupa kimoja ni pancha moja, ukikosea kufunga kichwa chake ni nusu pancha. Usikishike mikono mitupu, kinaganda. Na ukifika nyumbani toa ile gesi ujaze upepo wa kawaida, inapita kwenye mpira haraka, kesho yake tairi limelala. Watu 12 hatuwezi kutegemea vichupa viwili.

Mkia, 09:25: Ndiyo maana nauliza PAMPU

Katibu, 09:26: Tusianze tena ya pampu. Waliothibitisha: Bi Mdogo, Mama Pacha, Fundi, mimi, Kipara kwa masharti.

Mgeni, 11:47: Habari za humu. Mimi tairi zangu hazina tyubu, nahitaji kuangalia nini?

Fundi, 12:02: Karibu. Tikisa gurudumu ulisikilize. Ukisikia dawa ya kuzibia matundu inacheza ndani, vizuri. Kimya, imekauka. Ongeza ml 60 hivi kila tairi. Na beba tyubu 1 hata hivyo, dawa haizibi ubavu uliochanika. Ubavu ukichanika weka kipande cha tairi kuukuu ndani, kisha tyubu.

Katibu, 13:30: Nasubiri wengine 6. Nawaona mmesoma.

Babu, 16:05: Nimesoma yote.

Bi Mdogo, 16:05: Shikamoo Babu

Kipara, 16:05: Shikamoo Babu

Mama Pacha, 16:06: Shikamoo Babu 🙏🏾

Babu, 16:09: Marahaba wanangu. Katibu anahangaika peke yake na nyinyi mnacheka. Mkia aliachwa, na aliyemwacha yumo humu. Sitamtaja. Kesho nyuma kabisa nitakuwa mimi. Hakuna atakayefika chini ya mteremko akaendelea kabla mimi sijafika.

Babu, 16:12: Kipara bila raba mpya haendi changarawe. Atageuka lami ikiisha, na mmoja atageuka naye. Kushuka: punguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha, lakini taratibu, na makalio yarudi nyuma. Msikamate breki mfululizo toka juu mpaka chini, rimu inachemka na tyubu inapasuka. Kamata, achia, kamata. Na gurudumu lako la mbele lisiwe sambamba na la nyuma la mwenzako. Yakigusana anayeanguka ni wewe uliye nyuma.

Babu, 16:13: Pampu irudi leo. Sitaki kujua ilikuwa kwa nani.

Katibu, 16:40: Tumesikia Babu.

Mkia, 16:41: Ahsante Babu.

Katibu, 18:15: Nani anageuka na Kipara?

Katibu, 19:50: ?

Kipara, 20:22: Duka la raba nimekuta limefungwa. Nitajaribu mapema kesho

Katibu, 20:23: Mapema ipi, tunaondoka saa 12!

Kipara, 20:24: Saa 12 ya mwanzo au ya mwisho 😅

Mama Pacha, 20:25: Naweza kugeuka naye, ila tukifika mpaka wa lami ndiyo nitaamua

Katibu, 20:26: Mama Pacha hiyo ni ndiyo au hapana?

Mgeni, 22:50: Samahani, mnakutania wapi?

JUMAPILI

Katibu, 05:44: Niko hapa. Niko peke yangu.

Bi Mdogo, 05:49: Natoka sasa. Nimerudisha cheni ya zamani

Katibu, 05:52: Kuna mtu kaacha pampu hapa juu ya ukuta. Kichwa chake ni cha valvu nene tu. Fundi una adapta?

Mkia, 05:58: Nimefika kona. Msiondoke