Siku moja Panama: nianze Miraflores au makumbusho ya mjini?

bandari7: Wakuu, nitakuwa na siku moja tu Jiji la Panama. Nataka kuuelewa uhandisi wa mfereji, picha baadaye. Nianzie wapi? Na maji yanapandishwa kwa pampu za aina gani?

fundi_maji: Mkuu, anza Miraflores, kwenye malango ya mfereji upande wa Pasifiki (vyumba vya maji vinavyopandisha na kushusha meli), ufike kabla ya saa tatu asubuhi. Basi linatoka kituo cha Albrook. Kwa kawaida asubuhi meli hupanda kutoka Pasifiki, na alasiri hushuka zilizotoka Atlantiki, kwa kuwa meli kubwa hazipishani kwenye mkato wa Culebra, sehemu nyembamba iliyochimbwa kwenye vilima. Ukifika saa sita mchana utakuta maji tu.

Pampu hakuna. Ziwa Gatun, ambalo meli hulivuka katikati ya safari, liko mita 26 juu ya bahari. Vali zikifunguliwa, maji hushuka kwa uzito wake kupitia mahandaki yaliyomo ndani ya kuta, yakaibukia kwenye matundu ya sakafu ya chumba. Kwa sababu yanaibuka sehemu nyingi kwa pamoja, meli inanyanyuka imetulia. Kila meli ikivuka, takriban lita milioni 200 za maji baridi huishia baharini. Ndiyo maana mwaka wa ukame idadi ya meli hupunguzwa.

Tazama sana milango inayofunga vyumba hivyo. Mbawa zake mbili hukutana kwa pembe, ncha ikielekea upande wa maji ya juu, na maji hayo ndiyo yanayoikaza. Haifunguki mpaka maji ya pande zote mbili yalingane.

Kombo_gati: Naongezea. Vile vichwa vya treni juu ya kuta huitwa nyumbu. Meli inakwenda kwa injini yake. Nyumbu wanaishika kwa nyaya ibaki katikati. Chumba kina upana wa mita 33.5, na meli pana kabisa zinazopita hapo ni mita 32.3. Kila ubavu unabaki na sentimita 60 hivi!

Meli kubwa zaidi hupita malango mapya ya 2016. Yale ya Cocolí utayaona kwa mbali tu. Kuyaona kwa karibu ni Agua Clara, upande wa Colón, siku nyingine.

bandari7: Asanteni sana. Ya mjini niiache?

fundi_maji: Usiiache, nenda alasiri, ila si Jumatatu. Museo del Canal iko Casco Antiguo, kwenye jengo lililokuwa makao ya kampuni ya Wafaransa. Walianza kuchimba 1881 wakitaka mfereji wa usawa wa bahari, bila malango. Kingo za Culebra ziliporomoka kila mvua ziliponyesha, homa ya manjano na malaria zikaua vibarua kwa maelfu, kampuni ikafilisika 1889. Ukishayaona malango asubuhi, ramani zao utazisoma kwa jicho jingine.