Tupeane uzoefu: Tulioanza mbio ndefu ukubwani kwa ajili ya afya, hapa Dar

Mtu wa Segerea (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za asubuhi. Naomba tupeane uzoefu, hasa sisi tulioanza kukimbia tukiwa watu wazima wenye familia na kazi, tunaotafuta afya na siyo medali. Naanza na yangu.

Mwaka jana mwezi wa pili nilimsindikiza mama kliniki ya presha. Akiwa anasubiri dawa, nesi akaniambia, "Kaka, foleni imeisha, kaa na wewe nikupime." Mashine ikasoma 158/102. Akanipumzisha dakika kumi, akapima mkono wa pili: 154/100. Nina miaka 41, na baba yetu aliondoka kwa kiharusi akiwa na 56. Nilirudi nyumbani nimeshika dawa za mama na karatasi yangu ya kurudi kupimwa. Baada ya vipimo vya siku tatu tofauti, daktari akanianzishia kidonge kimoja, akaniambia nianze mazoezi: angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka, au 75 za kukimbia, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri watu wazima. Kazi yangu ni ya kukaa kwenye kompyuta kutwa nzima, na nikitoka hapo nakaa tena kwenye foleni ya Barabara ya Mandela.

Asubuhi ya kwanza nilitoka saa kumi na moja na nusu, nikatimua mbio kama mtu anayewahi daladala ya mwisho. Sikufika popote. Kifua kinawaka, mate mazito yana ladha ya chuma. Nikashika nguzo ya umeme nikasimama. Hapo wakapita watu wa jogging, kama arobaini hivi, fulana za njano, wanaimba, na mle ndani kuna akina mama wa umri wa mama yangu. Mzee mmoja akachomoka kwenye mstari akanifuata: "Kijana, ingia nyuma yetu. Tukiimba, itikia. Ukishindwa kuitikia ujue umezidisha mwendo, tembea."

Tangu siku hiyo nimesoma mengi kuhusu mapigo ya moyo na saa za kuyapima, ila sijakutana na kanuni iliyoishinda ile ya mzee. Madaktari wanasema ukimbie kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima bila pumzi kukatika. Vikundi vyetu vya mtaani vina kipimo hicho ndani ya nyimbo: kiongozi anaanzisha, kundi linaitikia, na mwendo hauwezi kuzidi pumzi za waitikiaji. Kwa mwendo huo moyo unajengeka, kila pigo linasukuma damu nyingi zaidi, kwa hiyo ukipumzika unapiga mara chache. Nilipoanza, mapigo yangu nikiamka yalikuwa 84 kwa dakika. Sasa ni 66.

Kikundi kinatoka Jumamosi na Jumapili tu. Siku nyingine nilitumia nguzo za umeme: nakimbia nguzo mbili, natembea moja. Wiki ya nne nikaenda tatu kwa moja. Mwezi wa tano nilifika Kinyerezi na kurudi bila kutembea, na nililia njiani, sioni aibu kulisema. Sasa Jumapili nakimbia kilomita 16. Presha ya wiki iliyopita ilikuwa 128/82, na kidonge bado nakimeza kila siku. Naomba sana humu asitokee wa kumshauri mwenzake aache dawa kwa sababu amepungua kitambi. Hilo ni la daktari wake.

Karibuni. Mlianzaje, nini kilitaka kuwakatisha tamaa, na mnakimbilia wapi?

Mama wa wawili, Mbagala

Asante kaka kwa uzi huu. Mtoto wa pili alinipa sukari ya ujauzito. Ilikwisha nilipojifungua, lakini kliniki walinieleza kwamba aliyewahi kuipata yuko kwenye hatari zaidi ya kupata kisukari huko mbele. Ndiyo sababu yangu.

Kwangu shida haikuwa pumzi, ilikuwa barabara. Mwanamke peke yako alfajiri: giza, mbwa, na boda wanaopunguza mwendo wakusemeshe. Mara mbili nilirudi nyumbani natetemeka, nikaacha mwezi mzima. Niliporudi nilirudi na majirani zangu wawili, tunatoka pamoja baada ya swala ya Alfajiri. Tukiwa watatu, hao wasemeshaji wanapita kimya. Dada zangu mnaosoma, tafuteni hao wawili kwanza, viatu baadaye.

Kuhusu mavazi, navaa suruali pana ya kitambaa chepesi, fulana ya mikono mirefu na mtandio wa kuvuta usiotaka pini. Pamba ikilowa jasho la Dar inakuwa nzito na inachubua. Kabla ya kutoka pakeni mafuta ya mgando mapajani na chini ya mkanda wa sidiria. Mimi hakuna aliyeniambia, nilijua siku maji ya kuoga yalipogusa kidonda. Na sidiria iwe ya michezo, inayoshika kweli.

Ramadhani hatusimami. Tunatembea haraka nusu saa kabla ya adhana ya Magharibi, ili tukifika nyumbani maji na tende viko mezani. Mbio zenyewe tunasubiri mwezi uishe.

Fundi AC, Sinza

Niseme la kuumia, maana wengi wanaanzia hapo na kuishia hapo. Wiki ya kwanza nilikimbia kilomita 5, wiki ya nne nikakimbia 18, kwa sababu pumzi ziliruhusu. Ugoko wa kulia ukaanza kuuma sehemu moja tu, pana kama sarafu. Nikibonyeza kwa kidole gumba nashtuka. Nikawa napaka dawa ya kuchua na kuendelea. Picha ya kwanza haikuonyesha kitu, ya pili ikaonyesha ufa kwenye mfupa. Wiki nane bila kukimbia, na kazi yangu ni ya ngazi.

Nilichojifunza ni kwamba pumzi zinakuja haraka kuliko mifupa. Moyo na mapafu vinazoea ndani ya wiki chache, mifupa na kano vinataka miezi. Kwa hiyo usiende na pumzi, nenda na mguu. Maumivu yaliyotawanyika kwenye msuli mzima na yanayopoa ukishapasha, hayo ya kawaida. Maumivu ya nukta moja yanayozidi kadiri unavyokimbia, simama siku hiyo hiyo.

Viatu nachukua mitumba Karume, na vinanifaa. Usidanganyike na rangi. Geuza kiatu uangalie kisigino, kama kimelika upande mmoja kiache. Bonyeza ile sponji ya pembeni kwa kidole gumba. Ikiwa na mikunjo midogo midogo na hairudi, imekufa hata kama juu panang'aa. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma, kinatakiwa kisimame wima. Toa soli ya ndani, ukikuta mashimo ya vidole vya mwenyewe wa kwanza, ameshakimaliza. Na chukua kinachokuachia nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, maana kwenye joto mguu unavimba na kucha zinageuka nyeusi.

Mzee wa Kimara

Wanangu, hamjambo. Nina miaka 63, mwalimu mstaafu, na sukari ninayo mwaka wa kumi na moja huu. Juma Ikangaa aliposhinda marathoni ya New York mwaka 1989 nilikuwa kijana nafundisha, nikawakimbiza wanafunzi wangu kuzunguka shule wiki nzima. Mimi mwenyewe nilikuwa nasimama na filimbi. Nimeanza kukimbia nikiwa na 60.

Nataka kuwaonya wenye sukari kama mimi. Vidonge vyangu ni vya aina inayoshusha sukari hata kama hujala. Siku moja nilitoka alfajiri bila kuweka kitu tumboni. Karibu na kituo cha mwendokasi Kimara Mwisho mikono ikaanza kutetemeka, jasho la baridi, maneno ya kwenye mabango siyaelewi. Nikakaa chini. Muuza kahawa mmoja akaweka birika lake chini, akanitazama, akaniuliza, "Baba, una sukari?" Nikaitikia kwa kichwa. Akanivunjia kashata, kipande kwanza, kisha kingine, akinisimamia nitafune. Baada ya robo saa niliweza kusimama. Alikataa pesa ya zile kashata. Kijana yule alikuwa na mama mwenye ugonjwa huu, ndiyo maana alijua.

Sasa sitoki bila kupima. Ikiwa chini ya 5 natafuna kitu kwanza, kama daktari alivyonielekeza, na mfukoni nina glukosi ya unga kwenye kikaratasi. Navaa soksi nyeupe, siyo kwa urembo. Mguu wa mwenye sukari unaweza kukatwa na jiwe usisikie, lakini damu kwenye soksi nyeupe utaiona. Usiku mke wangu ananikagua katikati ya vidole kwa tochi ya simu.

Nakimbia kilomita 6, mara nne kwa wiki. Wajukuu wananipita. Sijali.

Mlinzi, Gongo la Mboto

Mimi nalinda usiku, alfajiri siwezi. Nakimbia saa kumi na moja jioni uwanja wa shule ya msingi, mizunguko 20, watoto wananisaidia kuhesabu. Usingizi wa mchana umekuwa mzito kuliko zamani. Hayo tu.

Mtu wa Segerea

Shikamoo mzee wa Kimara. Hiyo ya soksi nyeupe sikuwahi kuisikia popote, nimempigia mjomba wangu simu nimemweleza sasa hivi.

Umenikumbusha Septemba 2025, Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia kule Tokyo. Kwa saa zetu ilikuwa usiku wa manane. Niliamka na mwanangu wa darasa la tano, tukaweka simu kwenye kopo la maziwa. Kilomita zote 42, na mwisho wanaingia uwanjani wanafuatana, Simbu akamzidi Mjerumani kwa sekunde 0.03. Wote wawili wakaandikiwa saa 2:09:48. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Nilichomwonyesha mwanangu siyo zile hatua za mwisho, ni jinsi alivyokaa katikati ya kundi muda mrefu, ametulia, hagombanii mbele. Mtoto sasa anatoka na mimi Jumamosi, na mama mzazi anatembea na akina mama wenzake nyuma ya kikundi.

Dada wa Mlimani

Nimekimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro pale Moshi, kilomita 21.1, baada ya mwaka mmoja na nusu wa kukimbia hapa Dar. Nilianza nikiwa na kilo 94 na magoti yanayouma nikipanda ngazi za ofisini.

Wanaofikiria kwenda, jueni kwamba sehemu kubwa ya mwanzo ni kupanda kuelekea Mweka. Barabara za kwetu ni tambarare, kwa hiyo nilijifua kwenye vilima vya Chuo Kikuu, kila Jumatano napanda na kushuka. Watu huogopa kupanda. Kilichonimaliza mimi ni kushuka, maana mapaja yanafanya kazi ya breki kilomita nyingi mfululizo. Siku mbili baadaye nilishuka ngazi za hoteli kinyumenyume, nimeshika ukuta.

Kwa mbio za Jumapili hapa mjini napenda Daraja la Tanzanite. Naanzia upande wa Aga Khan, navuka kwenda Coco Beach, naendelea Toure Drive na kurudi. Tangu daraja lifunguliwe 2022 limekuwa uwanja wa wengi, utakuta watu wa kila umbo, na upepo wa bahari unasaidia. Lakini kuanzia Desemba hadi Machi hata upepo hautoshi. Unyevu ukiwa mwingi jasho halikauki mwilini, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Miezi hiyo natoka saa kumi na moja kamili, nimalize kabla jua halijapanda, na mwendo napunguza kwa makusudi. Mwaka juzi mwezi wa pili nililazimisha mwendo wangu wa Julai, nikaanza kusikia baridi na vipele vya ubaridi mikononi katikati ya joto. Hiyo ni hatari. Nilikaa kivulini, nikamwagiwa maji kichwani na shingoni na wapita njia, nikarudi kwa bajaji.

Kunywa ukiwa na kiu. Kujaza tumbo maji matupu saa mbili mfululizo nako kunaumiza, kwa sababu chumvi ya damu inazimuliwa. Nikikimbia zaidi ya saa moja na nusu nabeba maji ya ORS, na nikimaliza natafuta dafu.

Mgeni, Kinyerezi

Nasoma uzi huu tangu juzi bila kuchangia. Nina presha, nina kilo 103, na kikundi cha fulana za njano kinapita mbele ya geti langu kila Jumamosi. Nimekuwa nikiwasikia nikiwa kitandani.

Leo alfajiri nimetoka. Nguzo moja kukimbia, nguzo mbili kutembea, hadi msikitini na kurudi. Nguzo kumi na nane. Nilikuwa naongea mwenyewe kwa sauti njia nzima kupima pumzi, nikimsimulia marehemu kaka yangu habari za nyumbani. Sikukatika. Mtu wa Segerea, Jumamosi kikundi kinapita kwetu saa ngapi hasa? Nataka nisimame nje ya geti mapema.

Mtu wa Segerea

Kumi na mbili kasoro ishirini. Nitakuwa mstari wa mwisho, kulia. Ukituona tu, ingia.