Mashine gani ya kukatia majani nyumbani isiyo na moshi?

MamaNjiro:
Wakuu habari zenu, naomba ushauri. Nipo Arusha, nyuma ya nyumba nina majani kama mita 15 kwa 20 hivi. Kuna kijana huwa anakuja na mashine ya petroli ile ya kuvaa begani, kazi anafanya vizuri sina ugomvi naye ila moshi sasa, ile petroli inachanganywa na oili harufu inaingia mpaka chumbani na mwanangu ana pumu, kila kijana huyo akija nafunga madirisha yote. Nataka ya kwangu isiyochafua hewa. Nimeona kuna ya betri, ya waya, na ile ya kusukuma kwa mkono haina injini kabisa. Ipi inafaa? Hela ipo ila sio ya kuchezea.

kobe_mzee:
Nunua mbuzi dada, hahitaji chaja 😂😂

FundiSakina:
Mbuzi ataanza na maua yake huyo. Dada tuambie kwanza ni majani gani. Ya kusukuma ina visu vimejipinda kwenye silinda, vikizunguka vinabana jani kwenye kisu cha chini kama mkasi, hata kwenye gofu wanakatia mtindo huohuo, jani linakatika safi halichaniki. Kama una ukoka au paspalamu, uwanja umenyooka na unakata kila wiki, chukua hiyo usiwaze mara mbili. Ila ikikuta majani marefu inapita juu yake tu, na kijiti kidogo kinaikwamisha. Na uwe na mtu wa kukunolea.

MamaNjiro:
Ni kikuyu, tumehamia tumeyakuta. Halafu kuna kamteremko.

FundiSakina:
Aah basi ya mkono achana nayo, kikuyu cha Arusha ukiruka wiki mbili tu za masika utasukuma mpaka ulie. Chukua ya umeme. Ya waya bei iko chini na haina betri ya kufa, kwa uwanja wako ekstensheni ya mita 30 inatosha, iwe ya waya mnene wa kutumia nje na soketi iwe na ile kinga inayokata umeme ukivuja, na usikate kukiwa na umande. Ya betri ni raha zaidi lakini betri ndo mashine yenyewe. Betri ya volti 36 yenye Ah 4 (saa-ampea) ni Wh 144 (saa-wati), na yuniti moja ya LUKU ni Wh 1,000, kwahiyo kuichaji haifiki hata robo ya yuniti, yaani hela haiendi kwenye umeme, inaenda siku betri imechoka. Kabla hujalipa muulize muuzaji betri peke yake bei gani na kama anayo hapo dukani. Akisema "tutakuagizia" aga uondoke.

mpinzani255:
Umeme wenyewe si tunazalisha kwa gesi, hapo mazingira umeyaokoa wapi?

FundiSakina:
Gesi ipo ndio, ila Bwawa la Nyerere kule Rufiji peke yake ni megawati 2,115 na hayo ni maji. Na hata ingekuwa gesi tupu, bado moshi hauko dirishani kwa mtoto wa mtu.

Mbongo_Sacramento:
Huku California mashine ndogo za bustani za petroli karibu zote hazitakiwi kutengenezwa kwa soko la hapa kuanzia modeli za 2024. CARB, ndo wanaosimamia hewa, wanasema saa moja ya kukata majani kwa petroli inatoa uchafu wa kutengeneza ukungu wa moshi sawa na kuendesha gari la Toyota Camry la 2017 maili kama 300, yaani kilometa 480. Ila dada usimwambie ndugu akutumie ya huku, chaja nyingi ni volti 120, ukichomeka kwenye 230 ya Bongo imekwisha. Angalia kibandiko, kama kimeandikwa 100-240 sawa. Na betri ikizidi Wh 100 shirika la ndege lazima liruhusu, ikizidi 160 abiria haruhusiwi kabisa.

MamaNjiro:
Asanteni jamani, naona nitaenda na ya waya. Majani yaliyokatwa nitupe au niache?

FundiSakina:
Yakiwa mafupi yaache, yanaoza yanarudisha naitrojeni kwenye udongo. Usishushe kisu ukakata zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja, kikuyu kitabaki vijiti vya njano.