Waifu alipata reaksheni ya dawa ya salfa, machozi yapo ila jicho kavu. Naombeni ushauri

Baba Neema
Wakuu habari za muda huu. Waifu mwaka jana alimeza dawa ya salfa, hazikupita siku nyingi homa ikapanda, vidonda mdomoni, ngozi ikaanza kubabuka na macho yakavimba hayafunguki. Hospitali wakasema ni Stevens-Johnson, akalazwa. Namshukuru Mungu alipona na ngozi imerudi vizuri, ila macho ndo yamegoma. Anasikia mchanga muda wote, feni au moshi wa jikoni ni balaa, asubuhi kuna nyuzinyuzi nyeupe anazivuta kwa kidole.

Kinachonichanganya, juzi kliniki walimwekea kile kikaratasi kwenye kope ya chini dakika 5, kikalowa vizuri tu, wakasema machozi yapo. Sasa yapo halafu jicho linakaukaje? Duka la dawa wananishauri matone ya deksa (deksamethasoni, dawa ya steroidi), mama mkwe anasema maziwa ya mama. Nifuate lipi?

Dada wa Kibaha
Pole sana baba Neema, mpe pole na shemeji. Maziwa ya mama hapana jamani, jicho lenye michubuko ukilimwagia kitu kisicho safi unaita vijidudu. Na hiyo deksa ya kujinunulia usiguse, ukiitumia muda mrefu bila kupimwa inaleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

MachoKwanza
Mkuu kikaratasi kimesema kweli na mkeo naye anasema kweli. Kile kinapima maji tu, ila chozi si maji peke yake. Juu kuna mafuta kutoka kwenye kingo za kope, katikati maji, na chini kabisa kuna ute unaoshikilia hayo maji kwenye jicho. Huo ute sehemu kubwa unatengenezwa na seli ndogondogo zinaitwa gobleti, zimetapakaa kwenye ile ngozi laini inayofunika weupe wa jicho na ndani ya kope. Stevens-Johnson ni kinga ya mwili yenyewe inageuka kuua ngozi ya nje pamoja na ngozi laini za mdomoni, machoni na sehemu za siri, kwa hiyo seli za gobleti zinakufa na jirani zake, na pakipona kwa kovu mara nyingi hazirudi zote. Ute ukipungua, maji hata yawe mengi yanateleza kama kwenye jani la gimbi, jicho linabaki na mabaka makavu.

Waombe kipimo cha rangi ya njano na taa ya bluu, wanahesabu sekunde mpaka utando wa chozi upasuke. Jicho lenye afya kwa kawaida linafika sekunde 10 au zaidi, nahisi la kwake linapasuka akifumbua tu. Hizo nyuzi ni mabaki ya ute yaliyogandana na seli zilizokufa, asizivute kwa kidole maana anajichubua na zinazidi kuja, azioshe kwa machozi bandia.

Kuhusu hayo machozi bandia, anayaweka mara nyingi kwa siku, kwa hiyo tafuteni yasiyo na kihifadhi. Kihifadhi kinachoitwa benzalkoniamu, kilichomo kwenye chupa nyingi, kinaua hizohizo seli za ute zilizobaki.

Kibo_Mtaani
Mpe vitamini A za kutosha mkuu, na karoti

MachoKwanza
Kibo una hoja ila si kwa huyu. Mtoto akikosa vitamini A seli za gobleti zinapotea kweli, jicho linakauka, na akipewa dawa mapema zinarudi, ndo maana watoto wa miezi 6 mpaka 59 wanapewa vile vidonge vya matone kila miezi 6. Hapa tatizo ni kovu. Na mwanamke anayeweza kushika mimba asijimezee vitamini A za dozi kubwa, zinadhuru mtoto tumboni. Karoti na mchicha ale tu.

Baba Neema
Nashukuru sana wakuu, leo nimeelewa kuliko siku zote. Kuna kope zinamchoma zimegeukia ndani, tunaziacha? Na kuna mtu kaniambia kuna matone yanatengenezwa kwa damu yake mwenyewe, ni kweli?

MachoKwanza
Hapana, msiziache. Kope zilizogeuka na kovu la ndani ya kope vinakwangua konea (kile kioo cha mbele cha jicho) kila akipepesa, hapo ndo watu wanapoteza kuona. Muone bingwa wa konea, ulizieni idara za macho Muhimbili, CCBRT au KCMC, wamgeuze kope waangalie na ndani. Matone ya damu ni kweli, wanatenganisha ule umajimaji wa juu wanauchanganya na maji safi ya chumvi, yanakaa kwenye friji. Ila yatengenezwe hospitali wanakojua kazi hiyo.

Nesi wa Zamu
Naongezea moja hamjaisema. Akishika mimba, kliniki watampa SP ya kuzuia malaria, na SP ina salfa. Aseme mapema kabla hajameza, na iandikwe wazi kwenye kadi yake ya kliniki jina la dawa iliyomdhuru. Kotrimoksazoli (Septrin) nayo ni kundi hilohilo.

Baba Neema
Nesi ubarikiwe, hilo la SP hakuna aliyetuambia. Kadi naiandika leo.