Mrejesho: Picha za wachezaji ngoma wakiwa hewani

Ndugu zangu, majuma matatu yaliyopita niliuliza kwa nini picha za kikundi chetu cha ngoma hapa Ujiji, zilizokusudiwa kwa mabango ya matangazo, zilitoka na miguu iliyofifia kila wachezaji waliporuka. Nawashukuru kwa majibu. Kosa lilikuwa spidi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, ambayo nilikuwa nimeiacha kwenye 1/125 ya sekunde nikidhani inatosha. Tulirudia kazi ufukweni saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa Kigoma jua huzama upande wa ziwa, nami nikiwa nimeligeuzia ziwa mgongo, mwanga laini uliwaangukia wachezaji usoni. Nikaweka 1/1000 na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 1600, kisha nikachuchumaa ili mruko uonekane mrefu zaidi. Lililosaidia kuliko yote ni kusikiliza mapigo ya ngoma na kubonyeza kabla kidogo ya kilele, pale mwili unapokaribia kutulia hewani. Kiongozi wao alizikataa picha 2 nilizozipenda mno (nilinuna kidogo), kwa sababu mikono ya wachezaji haikulingana, na alikuwa sahihi. Kanga nyekundu bado zinapoteza maua yake pichani, nami ninajaribu kupunguza mwanga.