Maltituli ya waya, ya betri au ya bei chee: ipi inafaa kwa ukarabati hapa Dodoma?

FundiMarumaru, Ipagala

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni fundi wa marumaru. Nimepata nyumba Area C, ya zamani kidogo. Mwenyewe hataki sakafu ing'olewe, anataka marumaru mpya zipigwe juu ya zile za zamani. Maana yake sakafu inapanda milimita 14 au 15, na fremu 9 za milango, zote mninga, lazima zikatwe miguu ili marumaru iingie chini yake. Sitaki kuizungusha marumaru kwenye fremu halafu nijaze pengo kwa grauti. Kazi ya namna hiyo inaonekana kiraka tangu siku ya kwanza.

Mpaka sasa nalala kifudifudi na msumeno wa mkono. Fremu moja inakula karibu saa nzima, vidole vinasugua sakafu mpaka ngozi inatoka, na kona ya ndani msumeno haufiki, naimalizia kwa patasi. Fremu ya kwanza kabisa nilijaribu grinda. Mbao iliungua ikawa nyeusi na diski ikapitiliza mstari. Ilibidi nikate ubao mwingine na kuunga kwa gharama yangu.

Sasa nataka maltituli, ile mashine ya kisu kinachotetemeka. Bajeti haizidi laki nne. Naona njia tatu: ya waya ya kampuni yenye jina, ya betri, au hizi za bei chee zinazokuja na sanduku la vifaa thelathini. Anayeitumia kila siku anisaidie.

SeremalaKisasa

Pole kwa vidole, mkuu. Kabla ya kuangalia kampuni, ielewe mashine yenyewe. Bledi haizunguki. Inakwenda kushoto na kulia kwa pembe ndogo sana, nyuzi 3 hivi, mpaka mara 20,000 kwa dakika. Piga hesabu: bledi ya urefu wa sentimita 8 kutoka kwenye boliti, meno yake yanasogea milimita 4 na kidogo. Ndiyo sababu inaingia kwenye kona bila kupitiliza, na ndiyo sababu haina mwendo wa grinda. Mtu akiinunua akidhani ni grinda ndogo atavunjika moyo wiki ya kwanza.

Mimi nina Bosch GOP 30-28 ya waya, huu mwaka wa nne. Namba zenyewe zinakueleza: 30 ni wati 300, 28 ni nyuzi 2.8. Ipo na kubwa yake, GOP 55-36, yaani wati 550 na nyuzi 3.6. Hizo nyuzi zikiongezeka kidogo tu unazisikia kwenye mbao ngumu, kwa sababu jino linasafiri mbali zaidi na kutoa unga wake. Lakini bei yake itakutoa nje ya bajeti. Kwa fremu 9, nyumba yenye umeme, chukua ya waya wati 300. Haikusubirishi chaji.

Na bledi. Fremu za zamani zina misumari iliyopigwa ubavuni kuingia ukutani. Bledi ya chuma cha kawaida, imeandikwa HCS, ikigonga msumari mmoja meno yanalala. Nunua zilizoandikwa BIM, metali mbili, zinapita mbao na msumari. Nimemkuta kijana analalamikia mashine tangu asubuhi, nikamwambia apapase meno kwa kidole baada ya kuchomoa waya. Yalikuwa laini kama ukingo wa kijiko.

UmemeIlazo

Kwenye bledi nakubaliana na fundi Kisasa, kwenye waya hapana. Yeye anafanya kazi kwenye nyumba za watu wanaoishi. Sisi wa umeme na dari tuko Iyumbu, Nala, huko nyuma ya Mtumba, nyumba haina hata mita. Utaomba umeme kwa jirani kila siku? Na ukiwa juu ya ngazi unatoboa dari ya jipsamu kwa ajili ya taa, waya ukinasa kwenye ngazi ni hatari.

Nina Makita DTM51, volti 18, mitetemo 6,000 mpaka 20,000, nyuzi 3.2. Bledi nabadilisha kwa wenzo wa mkono, sitafuti spana ya pembe sita kwenye vumbi. Nilinunua mashine tupu kwa sababu betri nilikuwa nazo za dili, ile mashine ya kutoboa. Hapo ndipo uamuzi ulipo kaka: kama una dili ya betri ya kampuni fulani, nunua maltituli ya kampuni hiyo hiyo. Kama huna, ukijumlisha mashine, betri mbili na chaja, laki nne haitoshi kwa kitu cha kutegemewa.

Betri uzipigie hesabu pia. Betri ya volti 18 na Ah 2 (saa-ampea, kiasi cha chaji inachobeba) ina saa-wati 36. Mashine ikivuta wati 200 mfululizo, ni dakika 10 na ushee. Ya Ah 5 inakupa karibu nusu saa. Kwa soketi na jipsamu inatosha kabisa, kwa sababu unakata sekunde kadhaa unaacha. Kwa mninga usiku na mchana, hapana.

Na usidanganyike na volti 20 zilizoandikwa kwa rangi kubwa. Ndani ni seli tano za volti 3.6, jumla 18. Zikitoka kwenye chaji zinagusa 20, zikianza kazi zinashuka. Ni betri ile ile.

FundiMarumaru, Ipagala

Asante wote. Dili yangu ni ya waya, betri sina hata moja. Kwa hiyo njia ya pili naiona inafungwa. Za bei chee je?

DadaMiyuji

Mimi nasimamia ukarabati wa nyumba za kupangisha, mafundi wanatumia vifaa vyangu, kwa hiyo nimenunua aina zote tatu kwa pesa yangu.

Ya bei chee niliinunua na sanduku lake. Sitaitaja jina. Siku ya tatu boliti inayobana bledi ikaanza kulegea kila baada ya dakika mbili. Mashine inatetemeka, bledi inateleza, fundi anabana, inateleza tena. Kichwa kilipata moto mpaka hushikiki. Tulipofungua tukakuta ule uso unaoshika bledi umekwanguka, vijino vyake vimekwisha. Na vile vifaa thelathini, ishirini na ushee vilikuwa karatasi za msasa.

Lakini sisemi kila kitu cha bei nafuu ni kibovu. Hizi za waya za kampuni za Ingco na Total ziko kwenye maduka mengi hapa mjini, na nimezifanyia kazi kwenye nyumba mbili. Zinapiga kelele na mkono unakufa ganzi mapema kuliko kwenye Bosch, ila fremu zilikatika. Ukiwa dukani iwashe, ishike kwa mkono mmoja, isikilize. Halafu ifunge bledi kwa nguvu zako zote, ivute kwa mkono ikiwa imezimwa na waya umechomolewa. Ikicheza, rudisha hapo hapo kaunta.

Kitu kinachowaumiza watu wengi ni tundu la bledi, pale inapofungwa kwenye mashine. Mwaka 2016 kampuni za Bosch na Fein zilitoa mtindo unaoitwa Starlock, wenye umbo kama kikombe, si bapa. Una ngazi tatu: Starlock, StarlockPlus na StarlockMax. Bledi ya Starlock inaingia kwenye mashine za Plus na Max, lakini bledi ya Max haiingii kwenye mashine ndogo. Na zile bledi bapa zenye mwanya wazi, ambazo ndizo zimejaa madukani, hazishiki kwenye mashine ya Starlock. Mimi niliwahi kukaa siku nne nasubiri bledi zitoke Gerezani Kariakoo, zitumwe kwa basi mpaka stendi ya Nanenane, mafundi wamekaa na posho nalipa. Kwa hiyo kabla ya kununua mashine, pita maduka matatu hapa mjini uulize bledi zake. Kama duka moja tu ndilo linazo, fikiria tena.

SeremalaKisasa

Hilo la Starlock ni kweli, dada. Mimi naagiza bledi kumi kwa mkupuo, ndiyo sababu sijalisikia. Nilipaswa kulisema.

MzeePatasi, Mpwapwa

Wanangu, nimesoma yote. Mmesema vizuri juu ya mashine, hamjasema juu ya mwili.

Asili ya kifaa hiki ni hospitali. Fein wa Ujerumani, wale wale waliotoa dili ya mkononi ya umeme mwaka 1895, mwaka 1967 walitengeneza msumeno wa kukata P.O.P, lile hogo la aliyevunjika mfupa. Hogo ni gumu, halisogei, kwa hiyo linakatika. Ngozi inavutika pamoja na meno, haikatiki upesi. Hapo vijana wakachukua nusu ya habari wakasema maltituli haikati mtu. Bledi ya mbao yenye meno marefu inakata vizuri sana. Mwanafunzi wangu alishika ubao kwa mkono wa kushoto mbele ya bledi, kidole gumba kikashonwa nyuzi nne. Mikono miwili yote ibaki nyuma ya bledi.

La pili ni vumbi. Kijana anayekata grauti na saruji ndani ya chumba kilichofungwa anavuta vumbi la mchanga laini kabisa, lenye silika. Likiingia kwenye mapafu halitoki, linatengeneza kovu. Kitambaa cha shingoni hakilizuii. Tafuta barakoa ya N95 au FFP2, inayobana pembeni mwa pua. Na mkikuta dari au paa la zamani la asbesto, msiliguse na mashine yoyote.

FundiMarumaru, Ipagala

Shikamoo mzee. Nashukuru sana, barakoa nitanunua kabla ya mashine. Swali la mwisho: bafuni kuna grauti nyeusi ya zamani ya kuondoa. Bledi ipi? Na mguu wa fremu nauanzaje ili mkato uwe bapa?

DadaMiyuji

Grauti ni bledi ya nusu duara yenye chembe za kabaidi, au ya almasi ukipata. Pima unene wake kwanza. Kama mwanya wa marumaru ni milimita 2 na bledi ina zaidi ya 2, utamega kingo za marumaru zote mbili. Kwenye makutano ya wima na mlalo simama mapema, pale ndipo marumaru huvunjika pembe. Sehemu ya mwisho malizia kwa mkono.

SeremalaKisasa

Mguu wa fremu: chukua kipande cha marumaru ile ile utakayopiga, kilaze sakafuni kikiwa kimegeuzwa, uso chini. Chini yake weka kadibodi za unene wa gundi utakayotumia. Bledi ilaze juu ya mgongo wa marumaru, hapo urefu umeshapimwa wenyewe, huhitaji hata penseli. Washa kabla haijagusa mbao. Usianze na bledi nzima, ingiza kona moja, ikishapata njia uende pembeni.

Usiikandamize. Huu ndio ugonjwa wetu sote tuliozoea msumeno wa mkono. Ukikandamiza meno hayana nafasi ya kusogea, yanasugua tu, moshi unatoka, bledi inageuka bluu, na ikishageuka bluu ugumu wake umekwenda. Iyumbishe taratibu kushoto na kulia ili unga utoke. Mbao mwendo wa juu. Ukisikia sauti imebadilika ikawa kali, umefika kwenye msumari: shusha mwendo, acha ijikate yenyewe.

UmemeIlazo

Niongeze la soketi, kwa kuwa nyumba hiyo utazikuta. Zima umeme kwenye swichi kuu na pima kwa testa kabla ya kuingiza bledi ukutani au kwenye jipsamu. Maltituli ya waya haitafanya kazi ukizima nyumba nzima, hapo ndipo utanikumbuka na betri yangu. Vuta waya kwa jirani siku hiyo moja. Na kuchimba mfereji wa bomba la waya kwenye ukuta wa tofali usijaribu nayo, hiyo bado ni kazi ya grinda na nyundo.

FundiMarumaru, Ipagala

Wakuu, narudi na majibu, zimepita siku tisa.

Nilizunguka maduka matano na kipande cha karatasi chenye maswali ya dada Miyuji. Nimechukua ya waya wati 300 ya bei ya kati, yenye tundu la bledi bapa, kwa sababu maduka manne kati ya matano yana bledi zake. Niliifunga na kuivuta pale kaunta. Ya kwanza ilicheza, nikairudisha, ya pili ikashika. Pesa iliyobaki imeingia kwenye bledi nne za BIM, moja ya kabaidi na barakoa.

Fremu ya kwanza nilikandamiza, moshi ukatoka, nikaikumbuka sauti ya fundi Kisasa nikalegeza mkono. Unga wa mninga ukaanza kutoka, mwekundu, laini kama unga wa ulezi. Mguu mmoja dakika nane. Ndani ya mguu wa pili nilikuta msumari mnene, nikashusha mwendo, dakika tatu ukakatika, ncha yake inang'aa. Kipande cha mbao kilitoka kizima na kona yake ya ndani. Niliteleza marumaru chini ya fremu kwa kidole, ikaingia.

Bledi ya kwanza imefika fremu ya nne na bado inakata. Kilichonisumbua ni mkono kufa ganzi, sasa napumzika kila baada ya mguu mmoja. Bafuni naanza kesho. Dada Miyuji, nimepima mwanya: milimita 3, bledi ya kabaidi ina 2.