Ufunguo umekatikia ndani ya kitasa cha mlango wa gari

Mkazi wa Umoja

Habari zenu, ndugu. Jana jioni nilikuwa nafungua mlango wa dereva wa Vitz yangu, ufunguo ukakatika mkononi. Rimoti iliacha kufanya kazi miezi kadhaa iliyopita, nami nikazoea kufungua kwa ufunguo kila siku, ingawa kitasa kilikuwa kimeanza kuwa kizito na mara nyingine nililazimika kuutingisha ufunguo ndipo uzunguke. Sasa nimebaki na kichwa cha plastiki chenye kisiki cha chuma kisichozidi upana wa kidole. Kipande kingine kimezama hadi usawa wa mdomo wa kitasa, hata kucha haikishiki. Gari bado limefungwa, na sina ufunguo wa akiba, kwa maana lilikuja kutoka Japani na ufunguo mmoja tu. Jirani ananishauri nitie tone la gundi kali kwenye kisiki nilicho nacho, nikibandike kwenye kile cha ndani, kisha nivute gundi ikikauka. Je, nimsikilize? Na kipande kikitoka, ufunguo unaweza kuchongwa upya, au ni lazima nibadilishe kitasa chote?

Fundi wa Ngara

Ndugu, mshukuru jirani kwa nia njema, lakini gundi hiyo irudi kabatini. Mahali ufunguo ulipokatikia ni padogo mno kwa gundi kushika vya kutosha, na tone lolote litakalozidi litatiririka ndani ya silinda, ambamo mna vibati vyembamba vinavyosukumwa na springi ndogo. Vibati hivyo vikigandana, hutakuwa tena na tatizo la kipande cha ufunguo bali la kitasa kizima.

Kabla ya kugusa chochote, tazama tundu la kitasa limekaa vipi. Ufunguo hutoka tu silinda ikiwa katika mkao ule ule uliouingizia. Iwapo ulikatika wakati silinda ilikuwa imekwisha kuzunguka hata kidogo, vibati vitakuwa vimebanwa na ukuta wa kitasa, navyo vimekibana kipande, na utavuta hadi usiku bila kufanikiwa. Chukua bisibisi bapa iliyo ndogo sana, iguse kwenye tundu bila kukisukuma kipande ndani, uirudishe silinda taratibu katika mkao wake wa kawaida. Watu wengi huruka hatua hii kisha hulaumu koleo.

Baada ya hapo tafuta bapa mbili za msumeno mwembamba, ule wa kukatia mbao za mapambo. Meno yake yaelekee nje, yaani upande wako. Ingiza bapa moja kando ya kipande, uizungushe kidogo ili meno yanase kwenye mikato ya ufunguo, kisha uvute polepole. Funguo nyingi za magari ya Kijapani zimekatwa pande zote mbili, hivyo bapa mbili, moja kila upande, zikivutwa pamoja hufanya kazi vizuri zaidi. Mdomoni mwa kitasa cha mlango huwa mna kifuniko kidogo cha kuzuia vumbi. Mtu akushikie kifuniko hicho kwa sindano wakati unavuta, la sivyo kitakuwa kinakurudishia kipande ndani.

Msomaji wa Kasarani

Ninaongeza ushahidi kuhusu gundi. Mwaka jana ufunguo wangu ulikatikia kwenye swichi ya kuwashia, nami nikafanya kama anavyoshauri jirani yako. Kisiki kilishika vizuri kabisa, ila kilishika kitasa badala ya ufunguo. Swichi nzima ilibidi ing'olewe. Je, sumaku haiwezi kusaidia? Sikuwahi kuijaribu.

Fundi wa Ngara

Sumaku haisaidii, kwa kuwa funguo nyingi hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na madini mengine, na shaba haivutwi na sumaku.

Dereva wa Dagoretti

Mkazi wa Umoja, mbona unahangaika na mlango kabla ya kufungua kichwa cha rimoti? Nunua betri ya duara, ile bapa kama sarafu, ya namba iliyoandikwa kwenye hiyo ya zamani. Rimoti ikiamka, mlango utafunguka bila kitasa kuguswa, na kazi utaifanya ukiwa umetulia badala ya kusimama mvuani.

Kichwa hicho kitunze kama yai. Ikiwa gari lako lina kinga ya wizi, ndani yake kuna kichipu ambacho gari hukitambua kabla ya kukubali kuwaka. Kichipu hakitegemei betri ya rimoti, bali hupata nguvu kutoka kwenye koili iliyozunguka swichi, na ndiyo maana uliendelea kuwasha gari miezi yote hiyo. Ukikitupa kichwa, bapa mpya ya ufunguo itazunguka vizuri tu, lakini injini haitawaka.

Mkazi wa Umoja

Ndugu zangu, ninarudi na majibu. Nilianza na betri, na mlango ukafunguka mara ya kwanza nilipobonyeza. Tundu la kitasa nililikuta limeinama kidogo, jambo ambalo nisingeligundua bila kuambiwa. Nikalirudisha kwa bisibisi ya miwani, na mke wangu akashika kifuniko kwa sindano ya kushonea. Bapa ya kwanza ilikatika. Ya pili na ya tatu, nikizivuta pamoja, zilikileta kipande nje hadi nikakishika kwa kibanio cha nyusi. Kilitoka kimejaa vumbi jeusi lililoshikamana na mafuta, na nadhani hilo ndilo lililokuwa likikaza kitasa, kwa maana nimekuwa nikipulizia mafuta humo kila kilipokuwa kizito.

Swali la mwisho: fundi wa kuchonga ataweza kutumia vipande hivi viwili, na kitasa nikitie nini badala ya mafuta?

Fundi wa Ngara

Ataweza, mradi havijapinda; atavipanga kwenye mashine viwe kana kwamba ni kimoja. Mwambie asinakili ulaji wa meno ya zamani bali arudishe vimo vya asili, kwa sababu ufunguo uliolika ukinakiliwa huzaa mwingine uliolika. Asipokuelewa anaposikia hivyo, nenda kwa mwingine. Simama hapo hapo akichonga, usimwachie gari wala ufunguo, na uchongeshe funguo mbili. Kitasa kisafishe kwanza, kisha ukitie unga wa grafaiti. Mafuta hukusanya vumbi, na Nairobi wakati wa kiangazi haina uhaba wa vumbi.